TAHADHARI: Kuna muuza vibali bandia vya uwindaji Mwanjelwa

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe mnaojiandaa kuwinda kwa mara ya kwanza msimu huu, pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuna mtu anauza mabuti, mahema na nguo za kaki, na chini ya meza anauza vibali bandia vya uwindaji. Mimi amenila shilingi laki nne na themanini. Bunduki ninayo na leseni yake ninayo, na tulikuwa tumepanga na Shemeji kwenda kuwinda; kilichobaki kilikuwa kibali.

Nilikwenda kununua mabuti tu. Aliponiona nachagua yenye soli ngumu, aliniambia bila kuulizwa kwamba soli hizo hupiga kelele kwenye majani makavu na swala humsikia mtu kabla hajamwona, kisha akauliza kama kibali ninacho. Alijua kuwa msimu hufunguliwa Julai 1, kuwa ni marufuku kumpiga mnyama ukiwa juu ya gari au kummulika usiku, na kuwa nyati haendewi na bunduki ya kipenyo kilicho chini ya inchi .375. Mtu anayeongea hivyo nani angemdhania tapeli? Akampigia simu mtu aliyemwita "afande wa wanyamapori", akaweka sauti ya nje, na huyo afande akaniuliza aina ya bunduki, namba ya leseni na majina ya nitakaoandamana nao, kwa ule ukali wa mtumishi asiyetaka kupotezewa muda. Nami nilikuwa najibu "ndiyo, mzee", nimesimama wima mbele ya rundo la mabuti, wateja wengine wakisikiliza. Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Alifungua droo, akatoa karatasi yenye ngao ya taifa, akajaza jina langu kwa mwandiko safi, akagonga muhuri wa bluu na kuupuliza wino kama anayepoza chai. Wino ulinishika kwenye kidole gumba. Nilituma fedha palepale kwa simu, na lilipotokea jina la mwanamke alisema ndiye mhasibu wa idara.

Shemeji wa Rujewa ndiye aliyeisoma karatasi ile hadi chini, akacheka mpaka akakaa. Eneo la kuwindia lilikuwa limeandikwa "Pori la Akiba Usangu". Pori hilo liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na ndani ya hifadhi ya taifa haruhusiwi mtu kuwinda, awe mwenyeji au mgeni. Kwa hiyo bwana yule hakuniibia fedha tu: alikuwa ananipeleka hifadhini na bunduki begani, nikamatwe kama jangili. Mahakama zetu zimekuwa zikiwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyara za serikali, yaani nyama, ngozi au pembe za wanyamapori, na kesi hizo huendeshwa kama uhujumu uchumi. Yeye angekuwa dukani anauza mahema.

Mtu wa namna hii hafai kuachiwa kwa kurudisha fedha. Nimefungua jalada polisi na nina RB (namba ya taarifa ya polisi), na ninataka ashtakiwe kwa kughushi nyaraka za serikali, muhuri wake uchukuliwe, duka lifungwe, na yule "afande" atafutwe kwa namba yake ya simu hadi apatikane. Ikibidi nitalala kituoni. Wazee wa soko wanaomkingia kifua kwa kuwa analipa ushuru vizuri nao waulizwe wanakula naye nini.

Kwa wale ambao bado hawajalipa: malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number) inayotoka kwenye mfumo wa serikali, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo anaitwa mhasibu. Leseni ya uwindaji inasimamiwa na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), ambao makao yao makuu yako Morogoro, si na muuza mabuti. Pia someni jina la eneo kabla ya kusoma jina lenu. Mwenye karatasi yenye muhuri wa bluu kama wangu asiingie nayo porini na asiichane. Aje nayo kituoni tuiunganishe kwenye jalada, maana mlalamikaji akiwa mmoja kesi inacheleweshwa.