Ukinunua picha ya mandhari Dodoma, muulize mchoraji alikoanzia

Wachoraji wa mandhari mjini Dodoma wengi hawakuanza na mandhari. Mmoja alikuwa akichora vibao vya saluni na maduka, mwingine alikaa chini ya fundi wa uchoraji wa mtindo wa tingatinga Dar es Salaam, mwingine katoka chuoni. Picha zao unaweza kuzikuta ukuta mmoja, lakini kila moja itachakaa kwa namna yake.

Mchora vibao ana mkono usiotetemeka. Majabali yake yanasimama, na michirizi myeusi ya maji ya mvua kwenye mwamba haikosi. Anga ndiyo inayomshinda: amezoea kujaza eneo kwa rangi moja, hivyo kilima cha mbali kinakuwa na giza sawa na cha karibu, wakati kilitakiwa kupauka na kuelekea bluu. Anatumia rangi ya mafuta ya kopo, ile ya mageti na madirisha. Kwenye hadibodi inafaa sana na vumbi lake linafutika kwa kitambaa chenye unyevu. Kwenye nguo iliyovutwa kwenye fremu ni balaa, kwa sababu ikikauka inakuwa ngumu, nguo inalegea na kukaza, rangi inapasuka kuanzia kwenye kona. Kwa hiyo kwake agiza hadibodi tu, na uulize anazimua rangi kwa kitu gani. Akisema petroli, tafuta mwingine. Rangi hiyo hupoteza mng'ao na baadaye ukipitisha kidole unatoka na unga.

Aliyepitia tingatinga ana silaha tofauti. Mtindo huo ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi, na mwanafunzi kwa kawaida huanza kwa kumjazia fundi wake usuli. Ndiyo maana anga zao za jioni, kutoka njano hadi nyekundu, zinashuka bila alama ya brashi. Tatizo ni Kilimanjaro. Unaagiza kilima cha Mlimwa cha hapo Dodoma, unaletewa theluji na twiga wawili! Mpelekee picha ya simu, iliyopigwa kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Saa sita mchana kivuli hakipo na jabali linaonekana kama gunia.

Wa chuo, awe wa taasisi ya sanaa ya Bagamoyo au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye anayeitazama Dodoma yenyewe. Anajua kwamba mbuyu uliopukutika hauendi na majani mabichi ya kufika magotini, na kwamba anga ya Septemba huwa na weupe wa vumbi. Mistari ya shamba lake la zabibu inakutana mbali inakotakiwa. Kwa jicho, huyu anawazidi wenzake. Lakini rangi yake, akriliki, ni ghali, naye anaizimua kwa maji. Maji yakizidi nusu, rangi inakosa nguvu ya kushika. Futa kona moja taratibu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kikichafuka, rudisha.

Hapo bado hujaangalia nyuma ya picha, na nyuma ndiko wanunuzi wengi wanakodanganyika. Nguo ikiwa marekani, yaani kitambaa cha pamba, inatakiwa ifuliwe kwanza, ivutwe kwenye fremu, ipakwe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe, ikipigwa msasa laini katikati. Washa tochi ya simu kwa nyuma: vitundu vya mwanga vikionekana kila mahali, kazi hiyo imerukwa. Kama juu yake amepaka rangi ya mafuta, mafuta yatapenya na kuiozesha nguo polepole.

Fremu ya ndani iwe ya mbao iliyokauka kweli. Mbao mbichi, katika hewa kavu ya Dodoma, inajipinda kabla hujamaliza kulipa deni. Upande ukizidi sentimita 90, dai upapi wa katikati, na ukingo wa mbao unaogusana na nguo uwe umepigwa randa, la sivyo ukingo huo utaacha mstari upande wa mbele.

Kwa baraza au ofisi yenye vumbi, chukua hadibodi ya mchora vibao. Kwa sebule, akriliki ya wa chuo, na ukihitaji machweo, wa tingatinga. Usiitundike jua linapopiga moja kwa moja. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, haijawahi kuwa na fremu. Imesaidiwa na mwamba ulioinama juu yake kuzuia mvua na jua.

Ukisafiri nayo kwa basi, akriliki inakunjika: izungushe kwenye bomba la inchi 4 au zaidi, upande wenye rangi ukitazama nje, katikati ukiweka karatasi safi. Wengi huificha rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndivyo inavyojibana na kufanya mikunjo. Ya rangi ya kopo isikunjwe kabisa. Ifunge kati ya maboksi mawili na uishike mwenyewe, usimwachie konda aitie kwenye buti.