Nilipeleka kaseti ya nyanya, wakanirudishia sauti isiyo na pumzi

Nimelinyamazia jambo hili tangu baada ya Idi nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, basi niandike.

Nina kaseti moja ya marehemu nyanya yangu akitutambia hadithi barazani, hapa Mombasa, huku akikuna nazi. Mimi ni mmoja wa wajukuu wanaomuitikia. Utafiti wangu wa chuo ni wa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya hapa Mombasa, na laptopu ikiibwa leo nitanunua nyingine, lakini kaseti ile haina ya pili. Nikaipeleka kwenye duka moja mjini linalohamisha kaseti na kanda za video kuwa faili.

Kwanza niwape haki yao. Utepe ulikuwa umechomoka kwenye gurudumu lake na kile kisponji kinachoukandamiza kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, kimeanguka. Fundi wao, mzee mmoja mpole, alifungua skrubu tano ndogo akauhamishia utepe wote kwenye kasha jingine, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Siku ile ningewapa nyota tano na dua juu yake.

Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye kasha: WAV, 48,000, biti 24, MSISAFISHE. Yaani faili ya sauti isiyobanwa, inayopimwa mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 24. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa na wahifadhi wa sauti, sikukitunga mimi. Kwenye flashi nikakuta MP3, faili iliyobanwa iwe ndogo, tena imesafishwa.

Usiku nikavaa hedifoni. Nyanya akasema, "Paukwa!" Kimya. Akasema tena, "Paukwa!" Kimya. Sisi watoto tulikuwa tumeketi mbali na redio, sauti zetu ni ndogo, na programu imetuhesabu kuwa makelele ikatufuta. Nazi nayo yasikika kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nyanya ameachwa peke yake barazani akiwaita watoto wasiomjibu. Nililia, na sioni haya kusema.

Asubuhi nikaifungua faili kwenye Praat, programu ya kuchunguza sauti za maneno kwa michoro. Kuna pahali nyanya anasema paa aliruka juu ya paa, nasi tulikuwa tukicheka kila mara. Aliyelelewa na Kimvita ajua hayo ni maneno mawili: paa wa porini hutamkwa na mpumuo baada ya p, paa la nyumba halina. Mpumuo huo haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kwenye mchoro huonekana kama vumbi jepesi kabla ya irabu. Programu ya kusafisha huonjeshwa mvumo wa kanda pahali penye kimya, kisha huusaka mvumo wa namna hiyo kote na kuukata. Mpumuo wa binadamu na mvumo wa kanda hufanana mno. Ikakata vyote viwili, halafu MP3 ikatupa na yale iliyokadiria kuwa sikio halitayakosa. Mnyama na nyumba vikawa neno moja. Neno moja! Sura nzima ya utafiti wangu imesimama juu ya pumzi ile.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta akanitazama kama niliyekuja kuomba maji. "Mama, hiyo ni hewa tu. Wengine hutulipa zaidi tuwasafishie." Nikamwambia karatasi niliibandika. "Watu hawasomi makaratasi, mama." Nikaomba basi faili ya kwanza, ile WAV. Wameifuta, eti yala nafasi. Saa moja ya sauti ni gigabaiti moja na ushei tu! Nilipokuwa bado nasema akanigeuzia mgongo kumhudumia mtu wa video ya harusi. Sikujibiwa tena.

Hapo nilitaka kuandika: msiende, hata kwa bure. Na bado sehemu yangu yataka kuandika hivyo.

Lakini mzee yule alikuwa amesikia. Akaniita nyuma. "Kaa hapo, mwanangu, tuisikilize pamoja." Akasafisha hedi kwa pamba na spiriti, akageuza kiskrubu kidogo cha hedi mpaka sauti ya nyanya ikang'aa, kisha akaiingiza moja kwa moja kwenye laptopu yangu bila kugusa kitu. Mvumo ulikuwepo. Nazi ikakunwa. "Paukwa!" Na watoto wote, nami ndani yao: "Pakawa!" Mzee akainamisha kichwa. Hakutaka pesa.

Sasa nyota ngapi? Kijana yule sitamsamehe leo, na mwenye duka anayewaacha wafanyakazi wafute asili ya kazi za watu ana lawama kubwa kuliko yake. Ila mikono iliyoiokoa kaseti yangu mara mbili imo kwenye duka hilo hilo. Ningali na kaseti nyingine, ya shangazi akiimba, ndani ya bahasha. Nitampa mzee mkononi mwake, na nitakaa pale pale mpaka utepe uishe.