Waya wa spika wa shilingi 380,000: nimeishi nao miezi minane hapa Raskazone

Kwa wenye haraka: nilipofunga waya huu, sauti ya sebule yangu ilibadilika kabisa, na bei yake haikuhusika hata kidogo. Mimi mwenyewe ilinichukua miezi miwili kulijua hilo, kwa hiyo naomba nieleze taratibu.

Naishi Raskazone, Tanga, nyumba ambayo upepo wa bahari unaingia dirishani mchana kutwa. Sebuleni nina amplifaya ya stereo na spika mbili kubwa za omu 8 (omu hupima ukinzani, yaani kiasi kitu kinavyozuia umeme), vyote nilinunua vikiwa vimetumika. Ninachosikiliza zaidi ni taarabu ya zamani na dansi, Black Star, Atomic Jazz, bendi za hapahapa mjini kwetu, kutoka kwenye kanda alizoniachia marehemu baba nami nikazihamishia kwenye kompyuta. Spika ya kulia iko jirani na amplifaya. Ya kushoto iko ng'ambo ya mlango, na waya wake unapanda fremu, unashuka, jumla mita sita.

Mwaka mzima nilikuwa na kero moja: besi haipo. Ukisimama mlangoni unaisikia, ukikaa kwenye kochi inapotea. Mwimbaji naye hakai katikati. Sauti yake imetawanyika kama anaimba akiwa pembe mbili za chumba kwa wakati mmoja. Na kanda za baba nazijua. Nimezisikia tangu mdogo, najua gitaa la besi linatakiwa liingie wapi.

Nilipokwenda Dar es Salaam kikazi, nikapita dukani. Muuzaji akanionesha waya mnene kama kidole, umevalishwa wavu wa nailoni mweusi, ncha zake zina pini za rangi ya dhahabu. Akaniambia ni shaba isiyo na oksijeni, na kwamba ina mshale ubavuni wa kuonesha muziki upite upande gani. Jozi ya mita sita, 380,000. Akaniongezea na nyaya za pini nyekundu na nyeupe za 60,000, eti zitaondoa ule mvumo wa chini ninaousikia nikiwasha king'amuzi. Nikalipa vyote.

Usiku ule nikafunga, nikaweka kanda ya kwanza. Besi ikaja. Mwimbaji akasimama katikati ya ukuta, kati ya spika na spika, kana kwamba yumo chumbani. Nilimpigia shemeji yangu saa nne usiku aje asikilize. Akaja, akakaa, akasema, "Shemeji, hii sasa ndiyo sauti." Kwa miezi miwili niliwaambia watu wote wanunue waya ule.

Halafu mpwa wangu akaniomba nyaya za zamani afungie sabufa yake. Nikazitoa stoo. Ni zile nyembamba za ganda linalopitisha mwanga, ndani unaona uzi mmoja wa rangi ya shaba na mwingine wa rangi ya fedha, ili ujue chanya ni upi na hasi ni upi. Ule mrefu ulikuwa umeungwa katikati, pale unapopanda mlango, na kiungo kimezungushiwa utepe mweusi. Mpwa akaubandua. Ndani palikuwa na unga wa kijani, ule ambao chumvi ya bahari huuleta kwenye shaba iliyo wazi. Akaupangusa kwa kidole, tukatazama: uzi wa shaba ulisokotwa na wa fedha, na wa fedha ukasokotwa na wa shaba. Aliyeunga alipishanisha.

Kwa mwaka mzima, basi, spika moja ilikuwa inasukuma hewa mbele wakati mwenzake anavuta nyuma. Spika mbili zikipingana hivyo, besi zinauana, na sauti ya katikati haina pa kukaa. Waya wa 380,000 ulinifaa kwa sababu haukuwa na kiungo na niliufunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Waya wowote mzima ungefanya vivyo hivyo.

Ukitaka kukagua ya kwako, zima amplifaya, chomoa nyaya kwake, kisha gusisha betri ya rimoti kwenye ncha zake kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni ya spika itacheza kidogo. Zote mbili zitoke nje. Mojawapo ikizama ndani, umepata ugonjwa wako bila kutoa shilingi.

Sikuishia hapo. Nilinunua mjini Ngamiani waya laini wa shaba wa milimita za mraba 2.5, shilingi 3,500 kwa mita, nikakata urefu uleule. Tukatundika khanga mbele ya amplifaya, mke wangu akakaa nyuma yake akibadilisha nyaya au akijifanya anabadilisha, sisi tukitaja upi unalia. Mara kumi kila mtu. Mimi nilipata tano, shemeji sita, mpwa nne. Ni sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2007 huko Marekani, James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua madai ya uongo, alisema atatoa dola milioni 1 kwa atakayetofautisha kwa masikio tu waya wa spika wa dola 7,250 na waya wa kawaida, na hakuna aliyeichukua fedha ile. Baada ya jioni ile ya khanga sishangai.

Hesabu yake nayo haihitaji shule kubwa. Umeme unakwenda kwenye spika na kurudi, kwa hiyo mita sita ni kumi na mbili. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 kwa urefu huo una ukinzani wa kama omu 0.41. Wa 2.5 una omu 0.08. Mafundi wengi hutaka waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, yaani 0.4 kwa spika ya omu 8. Ule mwembamba uligusa kikomo, wa 2.5 uko mbali nacho. Kama spika zako ni za omu 4, waya mwembamba utakuumiza mara mbili. Unene na urefu ndivyo vinavyohesabika. Kuhusu ule mshale, umeme wa muziki kwenye waya wa spika unakwenda mbele na nyuma. Noti ya besi ya mizunguko 50 inageuka na kurudi mara 50 kila sekunde. Hakuna upande wa kupita.

Mvumo wa king'amuzi? Pini za 60,000 hazikuupunguza hata chembe. Ulikwisha nilipochomeka king'amuzi, televisheni na amplifaya kwenye ekstensheni moja badala ya soketi za kuta mbili tofauti. Na mkeka mkubwa juu ya vigae, pamoja na kusogeza spika sentimita arobaini kutoka ukutani, vimenipa tofauti ambayo hata mke wangu, asiyejali mambo haya, aliisikia bila kuambiwa.

Kwa sisi wa pwani, naomba mwangalie shaba yenyewe. Kuna nyaya zinazouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, uache, maana ukinzani wake ni mkubwa zaidi kwa unene uleule. Ukikuta weupe juu na wekundu ndani, huo ni wa shaba iliyopakwa bati, kama zinazofungwa kwenye boti kwa ajili ya maji chumvi. Huo ukiupata, hapo naona ni halali kuongeza pesa.

Waya wa 2.5 ndio uko sebuleni sasa. Ule wa gharama nimeuhamishia chumbani kwa mama, kwenye spika zake ndogo za redio. Juzi nilifungua kukagua. Chini ya pini moja ya dhahabu, shaba imeshaanza ukijani. Nimekata sentimita mbili, nikaibana upya.