Jaribio la Gapminder: nyota nne kutoka kwa mwalimu wa jiografia

Maswali haya ya Gapminder, shirika la Sweden, yanapima tunavyoijua hali ya dunia; ni ya bure na yana majibu matatu ya kuchagua. Tuliyafanya ofisini kwa walimu wakati wa chai.

Swali la chanjo ndilo lililozua ubishi. Watoto wa mwaka mmoja waliopata walau chanjo moja duniani ni asilimia 20, 50 au 80? Mwenzangu mmoja, asiyekosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, akasema 20 kwa sauti. Jibu ni 80. “Sasa mbona kila siku ni milipuko ya magonjwa tu?” akauliza. Ndiyo hoja yenyewe! Mtoto aliyechanjwa akarudi nyumbani salama hatangazwi, na akili hupima ukubwa wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka. Mwaka 2017 watu 12,000 katika nchi 14 waliulizwa maswali ya jaribio hili; wastani ukawa majibu 2 sahihi kati ya 12. Kubahatisha tu kungewapa 4.

Nyota moja nimeikata kwa sababu maswali mengi yanaangukia kwenye habari njema. Huko nako ni kuegemea upande. Halafu, kwa kidato cha pili, ukiyatafsiri maswali kwa Kiswahili mwenyewe kwanza mtakwenda haraka zaidi.