Tahadhari: ukinunua laptopu ya mtumba hapa Lamu, tazama tarehe kabla ya kutoa pesa

Assalaam aleikum. Si desturi yangu kuanika mambo ya watu, na jina la duka sitalitaja, maana mji wetu ni mdogo na mamake yule kijana aliyeniuzia ni mtu wa heshima zake. Lakini juzi barazani alikuja mtu wa nne kunisimulia kisa kile kile kilichonipata mimi, na wote wanne walikuwa wamenyamaza kwa sababu moja: haya.

Mwenye haraka asome hapa tu. Kama ulinunua laptopu ya mtumba hapa mjini, au ulimpa fundi akakufomatia, yaani akafuta vyote na kuweka Windows upya, na tangu siku hiyo kila ukifungua Chrome yanaruka matangazo ya kamari, ya dawa za nguvu za kiume na ya wanawake walio uchi, usimgombeze mumeo wala mwanao. Kuna uwezekano mkubwa kwamba vitu hivyo viliwekwa na aliyekuuzia.

Mimi nashona na kuuza kofia. Mwezi wa Shaaban niliona maagizo ya Idi yameanza kunizidi, simu imejaa picha, nikanunua laptopu kwa shilingi 24,000, moja ya hizi zilizotumika Uingereza na kuletwa kwetu kwa jina la Ex-UK. Ilifika Mokowe kwa basi kutoka Mombasa, ikavushwa kwa boti, yule kijana akaifungua dukani mbele yangu na kunionyesha inavyowaka upesi. Pesa aliomba nimtumie kwenye namba yake mwenyewe, si kwenye till ya duka. Hapo ndipo ningeshtuka mapema.

Siku ya tatu yakaanza. Nikitafuta kitu Google, napelekwa kwenye ukurasa mwingine wa kutafutia nisioujua. Nikifungua barua pepe, pembeni inaruka picha ambayo siwezi kuieleza hapa. Mteja wangu mmoja wa Mombasa alikuwa nyumbani akichagua viua, yaani nakshi za kofia, nikawa namwonyesha picha za kofia kwenye skrini, mara likajitokeza tangazo la uchi pale pale chini. Nilifunga laptopu kwa kiganja kama nimeua nzi.

Nikarudi dukani. Yule kijana, ambaye ndiye fundi, akaiangalia kidogo, akapunguza sauti.

"Mama, nikwambie ukweli? Virusi hivi havijileti. Kuna mtu nyumbani anaingia mitandao michafu."

"Nyumbani niko mimi na mwana wa dadangu peke yetu, mwanangu."

"Basi mama, mimi sisemi kitu." Akacheka chini chini.

Maneno hayo ndiyo yaliyonigharimu kuliko shilingi. Nililipa 1,500 ya kufomati, nikaenda nyumbani nikamkalia yule mtoto kitako. Ana miaka 16, anasoma bweni, yuko kwangu likizo. Aliapa, sikumwamini. Baada ya wiki matangazo yakarudi. Nikalipa 1,500 nyingine pamoja na 2,000 za antivirusi "ya mwaka mzima", ambayo baadaye niligundua ni ile ya kujaribia siku 30 bure. Yakarudi tena. Safari ya tatu nikalipa tena 1,500, na nilipofika nyumbani nikazima waifai kabisa nikamnyima na data, iwe adabu.

Jioni ile, mwana wa dadangu akafungua laptopu aandike insha yake. Haijagusa intaneti tangu itoke dukani. Ikajifungua yenyewe programu moja ya "kuongeza kasi", ikahesabu makosa mpaka ikafika 1,312, kwenye mashine iliyofomatiwa asubuhi ile, na ikataka ilipwe ili iyaondoe. Mtoto akanigeukia:

"Khalati, na hapa nimeingia mtandao gani bila data?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi mbele ya mamake kwenye simu, na bado nikikumbuka nahisi uso unawaka.

Tukakaa wawili tukaanza kutafuta. Alibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, akaandika appwiz.cpl, ikatokea orodha ya programu zote zilizomo. Juu ya orodha pana safu ya tarehe. Ukiibonyeza, zinajipanga kwa siku zilipowekwa. Zilikuwamo za kawaida, na katikati yake nne zisizo na haja: ile ya kuongeza kasi, moja ya kuponi za maduka ya Marekani, brauza (programu ya kufungulia mtandao, kama Chrome) ya pili nisiyoijua, na moja ya "kutafuta". Zote tarehe ile ile ya dukani. Kesho yake nikaenda kwa jirani aliyefomatiwa na fundi huyo huyo miezi miwili nyuma. Programu ni hizo hizo nne, na tarehe yake ni siku aliyokwenda dukani.

Vitu hivi watu wa kompyuta huviita adiwea. Si lazima viwe virusi vya kuharibu mafaili. Kazi yake ni kukuonyesha matangazo, kukugeuzia ukurasa wa kutafutia na kuchungulia unakotembelea. Wanaovitengeneza huwalipa wasambazaji kwa kila mashine inayowekewa, kwa hivyo mwenye kufomati laptopu kumi kwa wiki ana mlango wa pili wa kipato. Wa tatu ni wewe kurudi na 1,500 yako. Na tusidhani ni uhuni wa vichochoroni tu: kati ya 2014 na 2015 baadhi ya laptopu mpya za Lenovo zilitoka kiwandani na adiwea iitwayo Superfish, iliyopenyeza matangazo ndani ya kurasa za watu na kulegeza kinga ya hata kurasa za benki, mpaka kampuni ikafikishwa mbele ya serikali ya Marekani.

Hatari si matangazo ya aibu peke yake. Siku moja nilitafuta eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, jibu la kwanza kabisa likanipeleka kwenye ukurasa wenye rangi zile zile, ukaniomba namba ya kitambulisho na PIN ya M-Pesa. Nilikwisha kuandika kitambulisho. Nilipoona PIN nikasimama, kwa sababu PIN ya M-Pesa huandikwa kwenye simu yako pale inapokuuliza, haiandikwi kwenye ukurasa wa mtandao hata siku moja.

Nilirudi dukani na laptopu imefunguliwa pale pale kwenye orodha.

"Mwanangu, tarehe hii ni ya nani?"

Akatazama, akajikuna. "Hiyo ni pakeji yetu mama, kila mtu anawekewa."

Nikamwuliza kama kila mtu pia anaambiwa nyumbani kwake kuna mtazama machafu. Akaniambia kuna wateja wanasubiri. Pesa hakurudisha. Waswahili husema siri ya maiti aijuaye mwosha, na fundi wa kompyuta ndiye mwosha wetu siku hizi: anaona picha zako, barua zako, kila kitu. Ndiyo maana akikutia wasiwasi huna pa kwenda kulalamika, na nadhani hilo analijua vizuri sana. Kwa mwenye nguvu za kufuatilia, ipo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na ipo ya kulinda wanunuzi ya 2012. Piga picha ya orodha yenye tarehe, weka ujumbe wa M-Pesa, kisha ndiyo uende kituoni.

Sasa kuondoa. Tulifanya wenyewe, bila senti. Picha zangu na hesabu kwanza tulizihamishia kwenye flashi, picha na hati tu, programu hata moja hatukuibeba. Kisha kwenye ile orodha tukaondoa zile nne moja moja. Hapa uwe na subira: laptopu ikiwa imefomatiwa, hata programu halali zitakuwa na tarehe ile ile, kwa hivyo usifyeke zote. Zenye jina la Microsoft, Intel au Realtek ziache, ndizo zinazoendesha sauti na skrini. Usiyoijua, andika jina lake kwenye simu utafute kabla ya kuigusa.

Baada ya hapo tukaingia kwenye Chrome. Ukiandika chrome://extensions pale pa anwani, utaona viendelezi, yaani vijiprogramu vilivyopachikwa ndani ya brauza. Kwangu vilikuwa viwili ambavyo sikuviweka. Ukiandika chrome://settings/content/notifications utaona tovuti zilizoruhusiwa kukutumia arifa. Yale matangazo yanayochomoza kona ya chini kulia hata Chrome ikiwa imefungwa mengi hutoka hapo, na dawa yake ni kuyafuta majina yote usiyoyatambua. Mwisho chrome://settings/reset, irudi kama ilivyozaliwa. Kama Chrome inakuambia inasimamiwa na shirika lako, na wewe huna shirika ila cherehani, basi kuna kitu kimejifunga ndani; chrome://policy itakuonyesha ni kipi.

Tukapitisha AdwCleaner, ya bure, ya kampuni ya Malwarebytes, tuliyoichukua kwenye tovuti yao wenyewe. Nasisitiza tovuti yao, kwa sababu ukitafuta "ondoa adiwea" kwenye mashine iliyoambukizwa, majibu ya juu yanaweza kuwa ndiyo adiwea nyingine. Ni afadhali uipakue kwa kompyuta ya mtu mwingine.

Lakini lililonikasirisha kuliko yote tulilikuta kwenye Windows Security, ile kinga inayokuja na Windows yenyewe bila malipo. Ndani yake, kwenye mipangilio ya kinga ya virusi, upande wa chini, pana sehemu iliyoandikwa "Exclusions", ya vitu ambavyo kinga haitavikagua. Paliandikwa C:\. Diski nzima! Ni kama kumwajiri mlinzi wa usiku halafu ukamwambia nyumba asiitazame. Tukaifuta, tukaikagua mashine upya, ikakamata vitu vinne vingine, kimojawapo kijiprogramu cha kukraki Windows, yaani kuiendesha bila leseni.

Na hicho cha kukraki hakikuhitajika. Laptopu nyingi za kampuni zilizotoka Ulaya, zile zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8, ufunguo wa leseni umo ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka Windows ya aina ile ile, inajitambua ikishapata intaneti. Ukitaka kujua yako ikoje, bonyeza tena Windows na R, andika slmgr /xpr. Ikikuletea tarehe ya kwisha, jua huenda fundi amekraki, maana leseni iliyokuja na laptopu haina tarehe ya kwisha.

Siku mbili baadaye kiendelezi kimoja kikarudi. Nilikwisha vaa buibui nikamfokee tena, kumbe safari hii hakuwa yeye. Akaunti yangu ya Google ilikuwa imehifadhi viendelezi vyote vya zamani, na kila nikiingia Chrome inavirudisha kwa uaminifu. Tulizima usawazishaji, tukafuta kilichohifadhiwa, tukaondoa kiendelezi, ndipo tukauwasha tena. Nadhani wengi wanaofomati mara tatu nne wananaswa hapa.

Ikishindikana yote, Windows mpya huchukuliwa kwenye tovuti ya Microsoft bure na kuwekwa kwenye flashi ya GB 8. Flashi iwe yako. Flashi ya fundi ndiyo iliyokuwa na "pakeji".

Kujikinga baadaye, mimi sasa nina mazoea machache. Ukurasa ukiniambia nibonyeze Ruhusu ili kuthibitisha mimi si roboti, natoka. Ukiniambia nisasishe Flash Player, natoka pia, kwani Flash ilikufa tarehe 31 Desemba 2020 na hakuna cha kusasisha. Skrini ikijaa wekundu na king'ora na namba ya simu ya "Microsoft", sipigi. Ujumbe wa kweli wa Microsoft hauweki namba ya simu. Na nikiweka programu ya bure sibonyezi tu Endelea, Endelea. Nasoma vile visanduku vidogo, maana ndimo wanamopenyeza ile ya pili na ya tatu.

Na wewe unayekwenda kununua, kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji afungue appwiz.cpl mbele yako, na hiyo sehemu ya "Exclusions". Ni dakika tano. Akianza kusema mama hayo huyajui, chukua mkoba wako uondoke.

Kama laptopu yako ilitoka kwa huyo kijana na unaona haya kuipeleka kwa mtu, niko Langoni, barazani baada ya alasiri. Mwana wa dadangu amebaki na wiki mbili za likizo na atakusaidia. Hakuna atakayekuuliza kilichokuwamo. Njoo na chaja yako, yangu haiingii kwenye Dell.