Jarida la Eye: hapa dizaini inachambuliwa, haisifiwi tu

Kama wewe ni dizaina wa grafiki basi hili jarida litafute tu, maana kazi zetu zikitoka tunaambiwa "nzuri sana, hongera" halafu imeisha hiyo, hakuna anayeuliza hiyo logo inamwambia nani nini, kwa nini fonti ile na si nyingine, nani hawezi hata kuisoma. Inaniuma sana hii. Vitabu na filamu zina wahakiki wake, sisi je?

Eye ilianzishwa London 1990 na Rick Poynor, ambaye ni mwandishi, na inaonekana kabisa, makala zinaingia ndani. Niliyoipenda kuliko zote ni ile ya Steven Heller, mwandishi wa dizaini wa Marekani, ya 1993, alizishambulia dizaini za fujo, herufi zimepandiana, zilizokuwa zinatoka kwenye vyuo vya Marekani, na watu waliwaka kweli wakajibizana naye. Mimi sikubaliani naye sana, naona wale wanafunzi walikuwa wanatafuta kitu, ila ilibidi nikae chini nijiulize kwa nini sikubaliani, na hapo ndo nikajua kumbe nilikuwa sijawahi kufikiria kazi yangu kwa maneno. Massimo Vignelli, yule dizaina Mwitaliano, alishaomba uhakiki wa namna hii tangu 1983!

Picha zimechapwa safi. Makala nyingine ni ndefu na lugha nzito, usisome umechoka. Toleo la zamani likikupitia mkononi usiliache.