Kuwinda asteroidi kutoka Igoma: ni bure, ila andaa bando

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa stafu. Kushiriki uwindaji huu wa asteroidi, yaani mawe ya angani yanayolizunguka Jua, ni bure. Hakuna ada ya kujiandikisha, hakuna kununua darubini, hakuna nauli ya kupeleka watoto Dar. Swali la pili lilitoka kwa mwalimu wa Jiografia, akiwa hajainua hata kichwa kwenye madaftari anayosahihisha: "Sasa ninyi mnapata nini?" Hilo nilishindwa kulijibu pale pale.

Nafundisha Fizikia kwenye sekondari ya kata huku Igoma, Mwanza. Mwaka jana wanafunzi wangu sita wa kidato cha tatu waliingia kwenye kampeni ya kutafuta asteroidi ya International Astronomical Search Collaboration, IASC kwa kifupi. Inaendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons kule Texas, Marekani, tangu 2006, na NASA imeiweka kwenye orodha ya miradi ambayo raia wa kawaida wanaweza kusaidia kazi ya sayansi. Picha zinapigwa na Pan-STARRS, darubini zilizo juu ya mlima Haleakala huko Hawaii, zenye vioo vya kipenyo cha mita 1.8. Kioo cha namna hiyo hakipiti mlango wa darasa langu.

Nilishahangaika na mengine kabla. Astro Pi, ile ya wanafunzi kuandika programu za kuendeshwa kwenye kituo cha anga, niliisoma ukurasa mzima kwa furaha, nimeshapanga hadi majina ya timu, ndipo nikafika pale panaposema ni ya nchi wanachama wa shirika la anga la Ulaya na washirika wao. Space Apps ya NASA, lile shindano la siku mbili kila Oktoba, ni nzuri, ila naona inamfaa zaidi mtu wa chuo anayejua kuandika programu. Wiki ya Anga Duniani, tarehe 4 hadi 10 Oktoba, huwa tunaiadhimisha kwa chaki na maswali ya papo kwa papo, basi. Asteroidi ndizo zilizotupokea tulivyo.

Kazi yenyewe iko hivi. Mnaletewa picha kwa seti, nne nne, za kipande kimoja cha anga, zikiwa zimepigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Mnazifungua kwenye Astrometrica, programu iliyotengenezwa na Herbert Raab wa Austria. Yenyewe inazilinganisha nyota, kisha inazionyesha picha moja baada ya nyingine, tena na tena, kama mtu anayepepesa macho. Nyota zinatulia. Asteroidi inaruka hatua moja, mbili, tatu, kwenye mstari ulionyooka, hatua zikiwa sawa.

Hivyo ndivyo maelezo yanavyosema. Kwenye skrini ni habari nyingine. Picha ni ya kijivu, imejaa chengachenga kama runinga ya zamani isiyoshika stesheni. Kila chenga inacheza. Dakika ishirini za kwanza kila mtoto aliona asteroidi kila mahali, nami pia. Aliyepata ya kwanza ya kweli ni binti mmoja ambaye mama yake anauza dagaa Mwaloni, na yeye amekulia Ukerewe kwa bibi yake. Aliweka kidole kwenye skrini, akakisogeza taratibu. Nikamuuliza ameitambuaje.

"Madam, ni kama karabai. Usiku ukikaa ufukweni, taa zote za wavuvi unaziona zinacheza kwa mawimbi. Ila ya mtumbwi unaoondoka, inacheza huku inakwenda."

Siku hizi nyingi ni taa za sola, lakini nilimwelewa, na tangu hapo darasani tunasema "inacheza" na "inakwenda". Sijapata maelezo bora ya kutofautisha kelele za picha na kitu halisi.

Ukibofya kitone, programu inakuchorea umbo la mwanga wake. Kitu halisi kinatoa kilima kimoja laini. Uchafu wa kamera unatoa mwiba. Halafu kuna kitufe cha kuonyesha asteroidi ambazo tayari zinajulikana. Tulipokibonyeza juu ya ile ya binti, kikatokea kiboksi na jina. Ina mwenyewe. Watoto waliguna kama mpira uliogonga mwamba. Nikawaambia Ceres, ya kwanza kabisa, ilionekana tarehe 1 Januari 1801, na leo zinazojulikana zimepita milioni 1, kwa hiyo kukuta nyumba ina mwenyewe si ajabu. Tena kuipima upya si kazi ya bure: vipimo vipya husaidia kujua vizuri zaidi njia inayopita.

Sasa karaha. Astrometrica ni ya Windows, kwenye simu haifunguki, na kila kitu ni Kiingereza. Intaneti inahitajika, na si kwa kupakua picha tu. Programu inapolinganisha nyota inavuta orodha ya nyota mtandaoni hapo hapo, kwa hiyo bando likikata katikati mmesimama. Kwa mwezi mzima wa kampeni nilitumia kama shilingi 30,000 za mfukoni mwangu. Kompyuta niliazima steshenari ya mdogo wangu, Mabatini, na betri yake imekufa siku nyingi. Jumamosi ya pili umeme ulikatika tukiwa seti ya tatu, hatujahifadhi kitu. Jioni nilipoirudisha, mdogo wangu akanipokea na, "Dada, leo wateja wa kuchapa wamerudi watatu." Sikuwa na la kumjibu.

Walimu wenzangu, msiwaahidi watoto kwamba wataipa asteroidi jina. Hata ikionekana mpya, inachukua miaka hadi njia yake ithibitishwe na ipewe namba, na jina linakuja baada ya hapo. Mzazi mmoja alikuja kuniuliza hela zinatoka lini. Mkuu wa shule yeye aliuliza kama itaanguka huku, akikumbuka kile kimondo cha Mbozi. Nyingi ziko zao mbali, kati ya Mirihi na Mshtarii. Na chagueni raundi isiyogongana na mitihani ya nusu muhula. Sisi iligongana.

Kwa jumla tulituma ripoti tano. Mpya: hakuna. Vyeti vilikuja kwa njia ya mtandao, nikavichapa kwa rangi pale pale Mabatini, shilingi 1,000 kila kimoja, na sikupunguziwa.

Swali la mwalimu wa Jiografia nililijibu muhula uliofuata. Kwenye praktikali ya pendulamu, kila mwanafunzi wangu hupata 9.8, jibu lile lile la kitabuni la mvutano wa Dunia, hata yule ambaye uzi wake ulikatika. Wanapika majibu, na sisi tunajua, na tunaweka vema. Kwenye timu yangu kulikuwa na kijana mmoja bingwa wa kupika. Seti ya mwisho walipata kitone kizuri kwenye picha tatu, cha nne hakipo. Wenzake wakataka kitumwe. Yeye akabofya kimoja kimoja: kilima, mwiba, mwiba. Mwanga unaruka ovyo. Akasema hakitumwi. Wakabishana mpaka daladala za jioni zikaanza kujaa, na kwenye daftari la timu akaandika "Hakuna", akapiga mstari chini. Muhula uliofuata, kwenye pendulamu, alileta 9.3, na maelezo ya mistari mitatu ni wapi alikosea kuhesabu mizunguko. Nilimpeleka mwalimu wa Jiografia lile daftari. Akalisoma, akanirudishia, akaniuliza kama na wanafunzi wake wanaweza kuingia.

Kwa hiyo mwaka huu tuna timu mbili. Mdogo wangu amekubali Jumapili tu, steshenari ikiwa imefungwa, kwa sharti kwamba hakuna anayegusa mashine ya fotokopi. Nimepima: nyuma ya kaunta wanaenea watano. Wengine watakaa mlangoni.